Ukibaguliwa Illinois: jinsi ya kufungua malalamiko, hatua kwa hatua

Jimbo la Illinois lina sheria yake ya kupambana na ubaguzi. Inaitwa Sheria ya Haki za Binadamu ya Illinois, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1980, na katika miaka ya karibuni Bunge la jimbo pale Springfield limeiongezea meno mara kwa mara. Lakini ukiketi na Waswahili wa Rockford, Moline, Rock Island au upande wa kaskazini wa Chicago, hasa ndugu zetu waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, utasikia maneno yale yale: "Hapa Marekani bosi anakufukuza saa yoyote, huna pa kwenda." Nusu yake ni kweli. Mwajiri wa Illinois anaweza kukufukuza bila kukupa sababu. Hawezi kukufukuza kwa sababu ambayo sheria imeikataza, na mwongozo huu unahusu hiyo nusu inayosahauliwa.

Haya ni maelezo ya jumla. Mambo yakiwa mazito utahitaji wakili, na mbele kidogo nimeeleza pa kumtafuta.

Hatua ya kwanza: kalenda

Watu huanza na hadithi ya walivyoonewa. Anza na tarehe. Nimeona malalamiko yenye ushahidi mzuri yakitupwa kwa sababu yalichelewa, na malalamiko ya kawaida kabisa yakifika mbali kwa kuwa yalifunguliwa mapema, kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Tangu 1 Januari 2025, mtu aliyebaguliwa kazini, au sehemu inayohudumia watu wote kama duka, mgahawa au hoteli, ana miaka miwili ya kufungua malalamiko kwenye Idara ya Haki za Binadamu ya Illinois, ambayo watu huiita IDHR. Kabla ya hapo zilikuwa siku 300 tu. Kwa suala la nyumba muda ni mwaka mmoja.

Miaka miwili inasikika mirefu, na hapo ndipo penye mtego. Sheria ya shirikisho, ile ya mwaka 1964, bado inakupa siku 300 kupeleka malalamiko ya kazi kwa tume ya shirikisho inayoitwa EEOC. Ukijivuta mwaka mmoja na nusu, mlango wa jimbo utaukuta wazi lakini ule wa shirikisho umeshafungwa, na wakili wako atakuwa na njia chache kuliko ambazo angekuwa nazo. Ushauri wangu: jifanye kama miaka miwili haipo, uhesabu siku 300.

Siku zinahesabiwa kuanzia lini? Tangu ulipojulishwa uamuzi. Meneja akikuambia tarehe 3 Machi kwamba kazi yako itaisha tarehe 30 Aprili, hesabu inaanza tarehe 3 Machi, hata kama umeendelea kupiga shifti hadi mwisho wa Aprili. Kwa unyanyasaji unaoendelea, matusi ya kila wiki kwa mfano, tukio la mwisho ndilo linaloangaliwa kwanza, na yale ya nyuma yanaweza kuvutwa pamoja nalo.

Jambo jingine linalowaponza wengi: kulalamika kwa ofisi ya wafanyakazi ya kampuni, au kwa chama cha wafanyakazi, hakusimamishi hesabu hiyo. Fanya vyote viwili kwa pamoja. Usisubiri majibu ya ndani ndipo uende nje.

Hatua ya pili: taja sababu

Supavaiza mwenye mdomo mchafu kwa kila mtu ni mtu mbaya, ila sheria hii haimhusu. Ili malalamiko yasimame, lazima uonyeshe kwamba umetendewa tofauti kwa sababu ya kitu ambacho sheria inakilinda. Orodha ya Illinois ni ndefu: rangi, asili ya taifa na ukoo, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, umri kuanzia miaka 40, ulemavu, utumishi wa jeshi, mwelekeo wa kijinsia na utambulisho wa kijinsia, kuwa na amri ya mahakama ya kukulinda dhidi ya mtu anayekupiga, rekodi ya kukamatwa, rekodi ya kutiwa hatiani, na tangu 2025 majukumu ya kulea familia na maamuzi yako kuhusu uzazi. Nywele nazo zimo: tangu 2023 kusuka, kuvaa rasta au kuacha nywele za asili kunahesabiwa kuwa sehemu ya rangi ya mtu.

Mambo manne yanatugusa sisi zaidi, nayo nitayaeleza taratibu.

Lugha. Sheria ya Illinois inamkataza mwajiri kuweka kanuni inayomzuia mfanyakazi kuongea lugha yake katika mazungumzo yasiyohusu kazi. Ukiwa kwenye chumba cha chakula na mwenzako mnapiga soga kwa Kiswahili, supavaiza hana haki ya kusema "Kiingereza tu hapa". Kwenye mashine, ambapo maelekezo ya usalama yanapita kwa Kiingereza, mambo yanabadilika. Kinga hiyo inahusu maongezi ya kawaida, tena haihusu matusi.

Mavazi ya dini. Tangu 2017 sheria inataja waziwazi kwamba mwajiri hawezi kukutaka uvunje sharti la dini yako ili upate au ubaki na kazi, iwe ni hijabu, kofia au ndevu. Anaweza kuweka kanuni za usalama wa kazi au usafi wa chakula. Mara nyingi hapo ndipo mjadala unapoanza, na jibu huwa ni kutafuta namna ya kukidhi vyote viwili, kwa mfano hijabu iliyobana na kuingizwa ndani ya koti badala ya iliyoachiwa.

Karatasi. Ukianza kazi unajaza fomu ya shirikisho ya I-9 na kuonyesha hati. Wewe ndiye unayechagua hati gani kati ya zinazokubalika. Mkimbizi mwenye leseni ya udereva na kadi ya Social Security isiyo na masharti hana haja ya kuonyesha green card, na mwajiri anayeshikilia kwamba "bila green card hakuna kazi" anavunja sheria ya jimbo na ya shirikisho kwa mpigo. Vivyo hivyo mwajiri anayekataa kibali chako cha kazi kwa sababu tu kina tarehe ya kwisha. Tangu 2021 sheria ya Illinois inamlinda kwa jina mtu aliyeruhusiwa kufanya kazi hata kama si raia.

Rekodi. Tangu Machi 2021 mwajiri hawezi kukunyima kazi kwa sababu tu uliwahi kutiwa hatiani. Lazima aonyeshe kwamba kosa lile lina uhusiano wa kweli na kazi hiyo, au kwamba kukuajiri kutahatarisha mali au watu. Tena lazima akupe notisi ya awali ya maandishi, akusubiri angalau siku 5 za kazi ujibu, ndipo atoe uamuzi wa mwisho. Waajiri wengi huruka hatua hiyo ya notisi. Ukiona umekataliwa siku ile ile majibu ya uchunguzi wa rekodi yako yalipotoka, weka alama.

Ukubwa wa kampuni usikutishe. Sheria kuu ya shirikisho inahitaji wafanyakazi 15. Illinois, tangu 1 Julai 2020, inatosha mfanyakazi mmoja. Saluni ya watu watatu imo.

Hatua ya tatu: kusanya karatasi kabla hujaondoka

Ukishafukuzwa, mlango wa kampuni unafungwa na simu ya kazini inazimwa. Kusanya ukiwa bado ndani.

Nunua daftari. Andika tarehe, saa, mahali, nani alisema nini kwa maneno yale yale aliyotumia, na nani alikuwepo. Andika siku hiyo hiyo. Weka ratiba za shifti, hundi za mshahara, barua za onyo, ujumbe wa simu. Sauti ya WhatsApp aliyokutumia supavaiza ni yako, ihifadhi mahali pawili. Lakini usirekodi mazungumzo ya faragha kwa siri. Illinois ni kati ya majimbo ambayo kurekodi hivyo bila ridhaa ya wote wanaoongea ni kosa la jinai, na utajikuta aliyeonewa amegeuka mtuhumiwa. Usibebe pia nyaraka za siri za kampuni au taarifa za wateja.

Tafuta wa kulinganishwa naye. Huu ndio ushahidi unaobeba kesi nyingi, na ndio watu wanaousahau. Umechelewa mara tatu ukafukuzwa. Nani mwingine alichelewa mara tatu akaachwa? Majina, tarehe, kitengo, supavaiza yule yule. Mpelelezi wa IDHR ana uwezo wa kudai rekodi za kampuni, ila lazima umwambie atafute nini.

Una haki ya kuliona faili lako. Sheria nyingine ya jimbo inampa mfanyakazi haki ya kuomba kwa maandishi kumbukumbu zake za kazi, na mwajiri ana siku 7 za kazi za kuzitoa, anaweza kuongeza siku 7 nyingine akiwa na sababu. Aliyeacha au kuachishwa kazi anaweza kuomba ndani ya mwaka mmoja. Omba kabla hujafungua malalamiko. Kampuni huwa na mkono mwepesi zaidi wakati huo.

Kisha lalamika ndani ya kampuni, kwa maandishi, na useme neno lenyewe. Hapa watu wetu wanajiumiza kwa adabu. Mtu anaandika: "Naomba msaada, bosi ananisumbua." Barua hiyo haimlindi sana, maana haisemi kosa. Andika hivi: "Tangu mwezi wa tano bwana fulani ananiita kwa jina la kudhalilisha Waafrika na ananinyima ovataimu anayowapa wengine. Naamini ananibagua kwa sababu ya rangi yangu na nchi niliyotoka. Naomba mchunguze." Mtu wa kukutafsiria barua hiyo utampata. Ukishaisema hivyo, unaingia chini ya kifungu kinachokataza kulipiza kisasi: wakikupunguzia saa, wakikuhamishia kitengo kigumu au wakikufukuza kwa sababu ya barua ile, hilo ni kosa la pili, linalosimama peke yake hata kama lile la kwanza halikuthibitika. Kusema kweli, kosa la kulipiza kisasi mara nyingi ni rahisi kuthibitisha kuliko ubaguzi wenyewe, kwa sababu tarehe zinajisemea.

Ukifukuzwa, anza kutafuta kazi nyingine mara moja na utunze orodha ya ulikoomba. Mshahara uliopotea hukatwa kwa yule aliyekaa tu nyumbani.

Hatua ya nne: fungua malalamiko

Ni bure, na huhitaji wakili. IDHR ina ofisi Chicago na Springfield, na tovuti yake ni dhr.illinois.gov. Kinachotangulia ni fomu ya taarifa za mlalamikaji, unayoweza kujaza mtandaoni, kutuma kwa posta au kuipeleka mwenyewe. Sema mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na utaje Kiswahili cha wapi ukiona kuna haja. Mtu wa Bukavu na mkalimani wa Mombasa wataelewana, ila kwenye ushahidi neno moja linaweza kupotea. Usimlete mwanao aliyesoma hapa akutafsirie habari za kutongozwa na meneja. Hatazisema zote, na wewe hutazisema mbele yake.

Baada ya fomu, mfanyakazi wa idara anaandaa hati rasmi ya malalamiko, nawe unaisaini kwa kuapa kwamba ni kweli. Isome yote kabla ya kusaini. Kila sababu unayodai (rangi, dini, kisasi) na kila tendo ulilofanyiwa liwe limetajwa peke yake, maana kisichomo humo ni kazi kubwa kukiingiza baadaye. Jina la kampuni liwe jina lake la kisheria, kama lilivyo kwenye hundi yako ya mshahara. Kama uliajiriwa na wakala akakupeleka kiwandani, kama ilivyo kwa wengi wa Rockford, taja wote wawili. Idara itapima nani anawajibika.

Uliza pia swali moja la lazima: "Haya malalamiko yanapelekwa EEOC pia?" Ofisi hizo mbili zina makubaliano ya kupelekeana, lakini usikisie. Ukianza upande wa EEOC, ukumbuke kuijulisha IDHR kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu upokee uamuzi wa EEOC, pamoja na nakala yake. Siku hizo 30 zimewapita watu wengi kimya kimya.

Kwa nini nasisitiza jimbo kuliko shirikisho? Kwa sababu upepo wa Washington hubadilika. Aprili 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuzitaka ofisi za shirikisho zisiyape kipaumbele mashauri ya kanuni ambazo juu juu ni sawa kwa wote lakini zinaumiza kundi moja zaidi. Sheria ya jimbo haifutwi kwa amri kama hiyo.

Hatua ya tano: kuchagua njia

Ukishafungua, unapata notisi inayosema una siku 60 za kuamua kama unataka kuiacha idara na kwenda moja kwa moja mahakama ya jimbo katika kaunti yako. Ukichagua hivyo, idara inakupa barua, nawe una siku 90 za kufungua kesi. Njia hii inamfaa mwenye wakili tayari. Kama huna, baki na idara, ikufanyie uchunguzi bila malipo.

Utaulizwa pia kama unakubali usuluhishi. Ni wa hiari na hauna gharama. Mimi huwashauri watu waukubali, mradi waende na kiwango kichwani: mshahara uliopotea ni kiasi gani, barua ya kukusifu kwa mwajiri mwingine unaitaka au la, kurudi kazini unakutaka kweli au ni hasira tu. Msuluhishi si hakimu na si wakili wako.

Usuluhishi usipofanyika, idara inaweza kumtaka mwajiri ajibu malalamiko, naye ana siku 60 za kufanya hivyo. Jibu lake utalisoma, na litakuuma: utaitwa mvivu, mchelewaji, mgomvi. Una siku 30 za kujibu. Jibu kwa tarehe na karatasi, ukifuata hoja moja baada ya nyingine. Barua ya kurasa nane yenye machungu haisaidii kama karatasi moja inayoonyesha kwamba siku uliyoandikiwa umechelewa, hukuwa hata kwenye ratiba.

Mpelelezi ataongea na mashahidi, na anaweza kuitisha kikao cha pande zote mbili. Ukiitwa, nenda. Ukihama nyumba, ijulishe idara anwani mpya kwa maandishi. Malalamiko mengi hufungwa kwa sababu barua zilirudi zikiwa hazijafunguliwa, na hakuna mtu atakayekutafuta kanisani au msikitini kukuuliza umehamia wapi.

Hatua ya sita: uamuzi na siku 90

Idara ina siku 365 za kumaliza uchunguzi, isipokuwa pande zote mbili zikubaliane kwa maandishi kuongeza. Mwishoni inatoa moja ya majibu mawili: kuna ushahidi wa kutosha kuendelea, au hakuna. Kipimo chake ni kidogo kuliko cha kushinda kesi, kwa hiyo kupita hapa si ushindi bado.

Ukipita, unachagua tena: Tume ya Haki za Binadamu ya Illinois, ambayo ni chombo tofauti na idara na kina mahakimu wake wa kusikiliza mashauri haya, au mahakama ya jimbo, ambako unaweza kuomba jury, yaani raia wa kawaida wanaoketi kuamua kesi. Ukikataliwa, una siku 90 za ama kuiomba Tume ipitie upya uamuzi huo, ama kwenda mahakamani. Moja tu. Ukichagua Tume na ikakataa, kinachobaki ni mahakama ya rufaa. Na siku 365 zikiisha bila jibu, usikae kungoja: siku nyingine 90 zimeanza kuhesabiwa, za kupeleka shauri mwenyewe kwa Tume au mahakamani.

Unachoweza kupata ni mshahara uliopotea, kurudishwa kazini, fidia ya maumivu ya moyo na hasara nyingine halisi, gharama za wakili, na amri ya kuilazimisha kampuni ibadilishe utaratibu wake. Kwa sababu gharama za wakili zinaweza kulipwa na aliyeshindwa, baadhi ya mawakili huchukua kesi bila kukudai mbele. Wa bei nafuu au bure watafute Prairie State Legal Services kwa Rockford na Rock Island, Land of Lincoln Legal Aid kwa katikati na kusini mwa jimbo, na Legal Aid Chicago kwa Chicago na Kaunti ya Cook. Ofisi hizi huangalia kipato chako, na mara nyingine karatasi zako za uhamiaji. Hazichukui kila kesi, lakini hata ushauri wa nusu saa una thamani.

Nyumba

Hapa nitapita haraka kwa sababu hatua zinafanana. Muda ni mwaka mmoja, na idara hulenga kumaliza uchunguzi ndani ya siku 100. Tangu 2023 mwenye nyumba hawezi kukukataa kwa sababu kodi yako italipwa kwa vocha ya serikali au fedha nyingine halali. Na tangu Agosti 2019 sheria ya kuwalinda wapangaji wahamiaji inamkataza mwenye nyumba kukutoa, au kukutishia kwamba atakuripoti kwa uhamiaji, kwa sababu ya hali yako ya karatasi. Akikutishia kwa ujumbe wa simu, usiufute kwa hasira.

Hospitali na shule: sheria ya 2024 ambayo wachache wanaijua

Hili ni la kukaa nalo. Taasisi inayopokea fedha za serikali ya shirikisho, na hospitali karibu zote zinapokea, hairuhusiwi kubagua. Kwa mgonjwa asiyejua Kiingereza hiyo ina maana ya kupatiwa mkalimani mwenye sifa, bila kulipa. Kanuni za afya za shirikisho zinakataza kumtumia mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa kwa muda tu, kwenye dharura inayotishia usalama au ustawi wa mtu na mkalimani hapatikani papo hapo. Sote tunajua yanayotokea: binti wa miaka kumi na miwili anamweleza mama yake majibu ya kipimo cha saratani.

Tarehe 28 Aprili 2022 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Jane Cummings wa Texas, mwanamke asiyesikia na mwenye uoni hafifu sana, aliyenyimwa mkalimani wa lugha ya ishara katika kliniki ya mazoezi ya viungo. Kwa kura 6 dhidi ya 3, mahakama ilisema sheria zile za shirikisho zinazofungamana na fedha za serikali hazimpi mtu fidia ya maumivu ya moyo. Kwa mtu kama huyo, ambaye hakupoteza mshahara wala mali, uamuzi ule uliacha haki isiyo na malipo yoyote.

Illinois ilijibu. Sheria yake ya Kurejesha Nafuu za Haki za Kiraia, inayotumika tangu 2024, inasema ukivunjiwa haki hizo za shirikisho ndani ya Illinois unaweza kudai fidia zote, pamoja na ya maumivu ya moyo, na isipungue dola 4,000, pamoja na gharama za wakili. Kwa maoni yangu ni moja ya sheria bora zilizotoka Springfield muongo huu, na karibu hakuna anayeitumia katika jamii yetu.

Namna ya kuitumia: ukifika mapokezi, sema "Nataka mkalimani wa Kiswahili" na uombe iandikwe kwenye faili lako. Wakikataa, au wakisema mtoto atafsiri, andika jina la aliyekataa, saa na kilichofuata. Omba anayeshughulikia malalamiko ya haki za kiraia; hospitali inatakiwa kuwa naye. Kisha una siku 180 za kulalamika kwa ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Afya ya shirikisho, na wakati huo huo mpelekee wakili daftari lako kuhusu ile sheria ya jimbo. Kwa kuwa mashauri haya hutaka kuonyesha kwamba hawakukunyima kwa bahati mbaya, kumbukumbu ya kwamba uliomba zaidi ya mara moja ndiyo itakayokubeba.

Shuleni ni hivyo hivyo: mzazi ana haki ya kuelezwa mambo muhimu ya mtoto wake kwa lugha anayoielewa. Na ikiwa anayekubagua ni jimbo, kaunti au mji wenyewe, kuna Sheria ya Haki za Kiraia ya Illinois ya 2003, inayokuruhusu kuushtaki hata utaratibu ambao matokeo yake yanaumiza watu wa rangi, asili ya taifa au jinsia fulani, ndani ya miaka miwili.

Wakikuletea makubaliano ya kusaini

Kampuni ikiona jambo limeiva, hukuletea karatasi: pesa kidogo, nawe uahidi kutodai chochote na kunyamaza. Usisaini ofisini. Tangu 2020 sheria ya Illinois inasema sharti la kunyamaza kuhusu ubaguzi halina nguvu katika makubaliano hayo isipokuwa umelitaka mwenyewe, umeambiwa kwa maandishi kwamba una haki ya kuonana na wakili, umelipwa kitu kwa ajili yake, umepewa siku 21 za kulifikiria, na siku 7 baada ya kusaini za kubadili mawazo. Meneja akikuwekea kalamu mezani na kusema lazima iwe leo, chukua nakala, mwambie utarudi, na uhesabu hizo siku 21 kuanzia hapo.